Kichwa Changu na Ukuta wa Tanuri

Kama umegongwa kichwa na watu wanakuambia kwamba hukugongwa, au uligongwa kidogo tu, haya ninayaandika kwa ajili yako. Mimi si daktari. Nilikuwa nikifunga chai katika kiwanda kimoja upande wa Kimulot, na kwa miezi minane nilikuwa mgonjwa wa kichwa. Sasa nimepata nafuu. Watu wa kanisa wangependa niseme pia kwamba moyo wangu umetulia. Haujatulia, na sitaandika uongo ili wafurahi. Kuna mtu mmoja ambaye hadi leo nikimwona ng'ambo ya barabara, meno yangu yanabanana yenyewe.

Mwaka ule kiwanda kiliacha masanduku ya mbao kikaanza kutumia magunia ya karatasi, na pamoja na magunia ikaja roboti. Ulikuwa mkono mmoja tu wa chuma, wa rangi ya manjano, uliofungwa sakafuni kwa nati kubwa. Ulishika gunia, ukazunguka, ukalipanga juu ya mengine, ukarudi kuchukua lingine. Mama Auma, rafiki yangu kutoka upande wa ziwani ambaye tulifanya kazi pamoja, aliupa jina la Mkwe, kwa sababu hausemi na mtu, hauli chakula chetu, na kila mtu anaupisha. Tulicheka sana na jina hilo. Mwanzoni Mkwe alizungushiwa mnyororo ili mtu asimkaribie.

Nikueleze kuhusu ukuta, kwa sababu kila kitu kimetokana nao. Chumba chetu cha kufungia kilipakana na tanuri la kukaushia chai, na ukuta uliotutenganisha ulikuwa na joto mchana kutwa. Kimulot mwezi wa Julai, ukungu wa msitu wa Mau unaingia hadi ndani ya viatu. Kengele ya saa nne ikilia, kila mtu alichukua kikombe chake akaenda kuegemea ukuta ule, mgongo na kichwa. Sisi wanawake tulivua vitambaa ili joto litufike kisogoni. Kila mmoja alikuwa na mahali pake. Ukikuta mwenzako amesimama pako, ulikohoa tu naye akasogea. Hata Rotich, supavaiza wetu, mwanamume mrefu kuliko wote kiwandani, alikuwa na pake mwisho kabisa, karibu na mlango.

Rotich ndiye aliyeuondoa ule mnyororo, eti unawazuia wafagiaji, ingawa mkono wa Mkwe ukizunguka ulifika hadi ukutani. Tena ilikuwa desturi Mkwe azimwe saa ya chai. Siku hiyo wageni kutoka Nairobi walikuwa njiani, na Rotich alitaka wakute magunia yamepangwa hadi juu. Hakumzima. Nakumbuka kikombe changu kilikuwa cha moto mno, nikawa nakipuliza. Nakumbuka joto la ukuta kisogoni. Zaidi ya hapo sikumbuki kitu.

Nilizinduka siku ya tatu katika hospitali ya misheni. Nilikuwa nimenyolewa upande mmoja, na huo mwingine nywele zilikuwa zimegandana kwa damu. Sikio la kushoto lilivuma kama redio iliyopoteza stesheni. Mume wangu, Wesley, alikuwa ameketi kando ya kitanda akishika viatu vyangu mapajani kana kwamba kuna mtu angeviiba. Nilijaribu kumwuliza mtoto yuko wapi, maneno yakatoka yamepinda, naye akaanza kulia. Mtoto wetu ni mmoja tu, Chepng'eno, ambaye wakati huo alikuwa na miaka saba.

Nilirudi nyumbani Agosti. Hapo ndipo nilipogundua kwamba pua yangu imekufa. Ninamaanisha hivyo hasa: sikusikia harufu ya kitu chochote. Mimi niliyekuwa nikipita mlangoni mwa kiwanda nikajua kama chai ya leo imeiva au imechelewa, sasa maziwa yaliungua mbele yangu na sikujua mpaka moshi ukanichoma macho. Nilifungua kibuyu cha mursik, nikaingiza pua yote ndani, nikitafuta ile harufu ya mkaa na maziwa yaliyolala. Hakuna. Nilikaa jikoni na kibuyu changu nikalia. Kama nawe limekupata hili, usidhani unarukwa na akili. Muuguzi aliniambia wengi hupoteza harufu wakigongwa hivyo, na wengine hawairudishi. Mimi sijairudisha.

Mama Auma alikuja kunitembelea akiwa na ndizi na habari.

"Walileta kichwa ya mpira kwa sanduku," akasema. "Nakuambia, iko na masikio na kila kitu, na waya zinatoka kwa shingo. Ati ya kupima kama Mkwe anaweza kuumiza mtu. Wakaiweka juu ya mti katikati ya sakafu. Mkwe akaigonga. Ikayumba, ikarudi. Injinia akaangalia karatasi yake akasema hiyo si ya kuumiza mtu."

"Katikati ya sakafu?"

"Pale katikati tunafagianga."

"Na ukuta?"

"Rotich alimwambia hakuna mtu husimamanga kwa ukuta."

"Na nyinyi mkasema nini?"

Mama Auma alitazama mikono yake. "Sisi tuliambiwa tungoje nje."

Nilikuwa bado siwezi kusimama bila kushika kitu, lakini hasira yangu ilianza siku hiyo, na nasema ukweli kwamba ilinisaidia kuliko uji. Asubuhi nyingi niliinuka kitandani kwa sababu nilitaka kumlipiza Rotich, si kwa sababu nilikuwa na nguvu.

Septemba nilianguka kanisani. Tulikuwa tumesimama tukiimba, nikasikia ladha ya chuma mdomoni, kisha nikajikuta sakafuni nimejikojolea, na watu wamerudi nyuma wakanifanyia uwanja. Hakuna aliyenigusa isipokuwa Mama Auma, ambaye si wa kanisa letu hata. Alikuwa amenisindikiza tu. Alinifunika kwa leso yake. Niliinua macho nikamwona Chepng'eno amesimama juu ya benchi, mkono mdomoni. Uso wake wa siku ile unaniuma kuliko kichwa.

Kifafa ni neno ambalo kwetu linasemwa kwa sauti ya chini. Watu huamini kinaambukiza kwa mate, na huamini zaidi kwamba kinatembea na damu ya ukoo. Mama mkwe alianza, kila nilipomtembelea, kuninywesha chai kwa kikombe kimoja alichokitia alama kwa msumari. Nilivumilia. Kisha barua ya kiwanda ikaja: kipimo kimeonyesha kwamba mashine haikuweza kumdhuru mtu kiasi hicho, kwa hiyo ugonjwa huu ni wangu wa zamani. Juma hilohilo Rotich, ambaye ni mzee wa kanisa na anaheshimiwa, alifunga safari hadi kwa mama mkwe, upande wa Sosiot. Aliketi, akanywa chai yake, akamwambia, "Huyu mama alikuwa anaangukanga hata kabla mashine ije. Sisi tulikuwa tunamfichia tu."

Mama mkwe alikuja Jumamosi akiwa na shali lake la kusafiria.

"Kwetu hakuna hii ugonjwa," akamwambia mwanawe, mimi nikiwa palepale. "Mtoto atakaa kwangu mpaka tujue imetoka wapi. Kama ni ya kina mama yake, ataolewa na nani?"

Nilimtazama Wesley. Ni mtu mzuri, lakini ni laini kama mkate uliolowa. "Karatasi ya kampuni imesema," akajibu. "Na Rotich ni mzee wa kanisa. Mimi nitasema nini?"

Chepng'eno aliondoka na nguo zake kwenye mfuko wa sukari. Nilimchukia mume wangu juma lile, nikamchukia mama yake, lakini hao niliwachukia kama mtu anavyochukia mvua. Rotich nilimchukia kwa mpango. Kila kidonge nilichomeza nilimeza kwa jina lake. Nilijiambia sitakufa kabla ule mdomo haujala maneno yake.

Novemba ile ya El Nino mvua haikujua kuacha. Kliniki ya kifafa ilikuwa Jumanne moja kila mwezi, na barabara ilikuwa uji. Nilivua viatu nikatembea peku, Mama Auma nyuma yangu akiwa tayari kunidaka. Benchi la kungojea lilikuwa la mbao, limelainishwa na makalio ya wagonjwa, na kila mmoja alijua nani amekuja kwa nini. Mara ya kwanza niliketi pembeni kabisa kwa aibu. Mara ya pili mwanamke mmoja wa Bomet, mwenye kofia ya sufu na kovu la kuungua shavuni, alinisogelea hadi nyonga zetu zikagusana. Alikuwa ameangukia moto. Akamega mahindi yake ya kuchoma akanipa nusu, mate yake na yangu, wala hakuangalia pembeni. Sijui jina lake. Kama bado yu hai, ajue kwamba nusu ile ya hindi ilinirudishia ubinadamu wangu.

Dawa ilinifanya mzito. Nililala nimesimama, nilisahau neno "kijiko", nilinenepa uso. Usiogope. Baada ya mwezi wa pili mwili huzoea. Lakini usiache dawa siku moja kwa sababu unajisikia vizuri. Niliacha, nikaanguka kwenye mtaro wa majani chai, na ningekunywa matope kama mchumaji mmoja hangeniona.

Krismasi nilienda Sosiot kumwona mtoto. Mama mkwe alitukalisha uani, mimi kwenye kiti na Chepng'eno mlangoni. Aliniuliza kwa mbali, "Mama, bado unaangukanga?" Nilimwambia sijaanguka wiki tano. Akahesabu kwa vidole, akatabasamu, kisha akaitwa ndani.

Januari jua lilitoka. Injinia aliyepima alikuwa akija mara kwa mara kumkagua Mkwe, kwa hiyo niliandika barua, ukurasa mmoja, Mama Auma akampa mkononi. Niliandika: ulipima kichwa cha mpira, njoo upime na changu. Sikutarajia kitu. Siku nne baadaye alikuwa mlangoni pangu. Otieno, kijana mwenye miwani, viatu vimejaa vumbi. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana, nikashindwa kwa sababu aliketi kwenye kigoda bila kutafuta kiti.

"Mama, mashine ikikugonga, nyuma ya kichwa kulikuwa na nini?"

"Ukuta."

"Ilikuwa karibu na ukuta ama imegusa?"

"Imeegemea. Nilikuwa naota moto. Sisi wote huota moto pale saa nne."

Aliweka kalamu chini. "Mimi nilipima kichwa iko na pahali pa kwenda," akasema polepole. "Ukigongwa ukiwa huru, kichwa inaenda na mkono, nguvu inaisha. Ukiwa umeegemea ukuta haiendi popote. Nguvu yote inabaki ndani. Hiyo ni kipimo ingine kabisa, mama. Niliambiwa hakuna mtu husimama pale."

"Na mimi nikapewa kifafa ya ukoo juu ya hiyo kipimo yako. Mtoto wangu amechukuliwa."

"Nisamehe, mama."

"Pima kwanza."

Alipima. Ilichukua mwezi mzima kuwabana wenye kiwanda, na nadhani alihatarisha kazi yake. Februari niliitwa niende. Alikuwepo ofisa wa leba kutoka Kericho, mama mmoja mnene mwenye daftari kubwa, na meneja, na Rotich ndani ya koti jipya. Niliingia chumba cha kufungia nikasimama kama nimepotea. Ukuta ulikuwa mweupe pe! Rotich alikuwa ameupaka chokaa. Na nilipouwekea kiganja, ulikuwa baridi. Tanuri lilikuwa limezimwa, eti linasafishwa.

"Mnaona wenyewe," Rotich akamwambia ofisa. "Hii ni ukuta tu. Mtu atakuja kufanya nini hapa?"

Otieno hakubishana. Alisema kipimo lazima kifanywe hali ikiwa ile ya siku ya ajali, na siku ya ajali tanuri lilikuwa linawaka. Ofisa akatikisa kichwa kukubali. Moto ukawashwa, tukaketi juu ya magunia tukangoja zaidi ya saa nzima. Mimi nilifikiri tunangojea joto tu.

Mama Auma ndiye aliyeona kwanza. Alinifinya paja. Katikati ya ule weupe kulitokea doa la manjano, ukubwa wa sahani ya chai. Kisha la pili kando yake, kisha la tatu. Mafuta ya nywele zetu, ya miaka yote ile, yalikuwa yamelowa ndani ya ukuta, na joto lilikuwa linayatoa nje kupitia chokaa ya Rotich. Yalizidi kukolea hadi yakawa kahawia, safu nzima ya vichwa, mmoja mmoja kwa kimo chake. Wafanyakazi waliokuwa dirishani wakaanza kucheka. Otieno alitoa utepe wa kupimia, akatuita mmoja mmoja tusimame. Mama Auma alilingana na doa lake. Mimi nililingana na langu.

"Na huyu wa juu, karibu na mlango?" ofisa akauliza. "Huyu mrefu ni nani?"

Watu wote waligeuka tu wakamtazama Rotich, na meneja akageuka pia.

Wakakiweka kile kichwa cha mpira penye doa langu, kisogo kikigusa ukuta. Mkwe akazunguka bila haraka, kama kila siku. Sauti yake sitaieleza. Nilishika mkono wa Mama Auma hadi akalia. Kalamu ndogo ya chombo kilichounganishwa na zile waya za shingoni ilichora mstari uliopanda na kupita mwisho wa karatasi. Otieno aliichana karatasi akampa ofisa wa leba.

Niliinuka.

"Rotich," nikasema, na kwa mara ya kwanza sikumwita Bwana. "Nenda usimame pale pako. Wawashe."

"Mama Chepng'eno, hii si mchezo."

"Si ni wewe ulisema haiumizi mtu? Simama basi."

Alimtazama meneja. Akatazama mkono wa chuma. Kisha akatoka nje kwa mlango ule wa karibu na doa lake, akiinama kidogo kama kawaida yake, na ofisa akaandika. Nilifurahi. Nimesoma maandishi ya wagonjwa wanaosema kisasi hakina utamu. Changu kilikuwa kitamu na nilikila chote.

Karatasi mpya ikatoka: ugonjwa umesababishwa na mashine. Rotich akavuliwa usupavaiza akisubiri kuhojiwa. Nilidhani mtoto atarudi kesho yake. Wapi! Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, na mama mkwe hasomi. Wesley alimsomea akimtafsiria neno kwa neno. Alisikiliza, kisha akasema karatasi ya kwanza pia ilikuwa na muhuri, na Rotich alimwambia kwa mdomo wake, ndani ya nyumba yake, na yeye ni mzee wa kanisa.

Machi mvua ya kupanda ikaanza, na nikapata wageni: mchungaji, na nyuma yake Rotich akiwa na kofia mkononi. Mahojiano yake yalikuwa yamekaribia. Mchungaji alizunguka sana, mwishowe akalifikia: barua kutoka kwangu ya kumsamehe ingemsaidia ndugu yetu abaki na kazi, na ingenisaidia mimi mbele ya Mungu.

"Chamgei," Rotich akanisalimu. Sikumjibu salamu.

"Nitakusamehe," nikasema. "Lakini twende Sosiot kwanza. Ulisema kwa mdomo, utatoa kwa mdomo."

Tulienda Alhamisi, mchana mweupe, majirani wakipalilia. Mama mkwe alitandika viti uani. Rotich alijaribu kusimama nje ya boma, nikamwelekeza katikati. Alianza kwa kusema kulikuwa na kutoelewana. Nikamwambia aanze tena. Alisema huenda alikosea. Nikamwambia aanze tena. Mchungaji akaninong'oneza, "Mama, inatosha." Haikutosha. Mara ya tatu Rotich alitazama ardhi akasema, "Hakuwa anaanguka. Hajawahi anguka hata siku moja. Ni mimi niliacha mashine ikitembea, na nikakuja hapa kukudanganya."

Mama mkwe akainuka, akachukua kikombe cha chai alichokuwa amempa Rotich, ambacho hajakimaliza, akakimwaga kwenye nyasi mbele yake. Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amebeba ule mfuko wa sukari, na Chepng'eno alikuwa anamfuata akiwa mguu mmoja na kiatu na mwingine bila.

"Mama yake, mchukue," akasema. Hakuomba msamaha, wala sikumdai.

Nilipiga magoti nikamvalisha mtoto kiatu. Vidole vyangu vilishindwa na kamba, kwa hiyo akaifunga mwenyewe, na mimi nikashika mguu. Mchungaji alisogea akiwa na karatasi na kalamu.

"Sasa imebaki ile ahadi yako, mama. Ndugu yetu amefanya sehemu yake."

Nilisimama nikamtazama Rotich usoni, jambo ambalo nilikuwa nimelingoja miezi minane.

"Nilisema nitamsamehe," nikasema. "Basi nilikuwa nadanganya. Sasa na yeye ajue vile mtu huhisi akidanganywa."

Nikamshika Chepng'eno mkono, tukashika njia.